Mtu Mnene, Nusu Kaputi na Mapafu Yake

Mwezi huu tunazungumzia jambo linalosemwa sana vijijini kwetu lakini halielezwi. Mtu mwenye mwili mkubwa akiambiwa na daktari kwamba anatakiwa kupasuliwa, iwe ni henia, uvimbe wa kizazi au mawe ya nyongo, ndugu huanza kunong'onezana: "Huyu na unene ule, wakimpa nusu kaputi atazinduka kweli?" Wengine huamua kubaki nyumbani na ugonjwa wao. Wengine huenda shingo upande, wakiaga watoto kama watu wanaokwenda vitani. Kwa watu wa Natta hofu hiyo huongezwa na safari, maana mgonjwa wa kupasuliwa hupelekwa Mugumu, na mambo yakiwa mazito hupelekwa Musoma au Bugando kule Mwanza, mbali na watu wake.

Hofu hiyo si ya bure, ila imeelekezwa mahali pasipo penyewe. Tatizo kubwa la mtu mnene katika upasuaji kwa kawaida si kutozinduka. Ni mapafu yake. Tena mapafu hayo huanza kusinyaa akiwa mezani, lakini ugonjwa wenyewe hujionyesha baadaye wodini, siku ya pili, ya tatu au ya nne, wakati mgonjwa amekwisha kunywa uji, anazungumza, na ndugu wamekwisha kupiga simu nyumbani kusema mambo ni mazuri.

Upo utafiti mkubwa uliofanyika mwaka 2016 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2018. Wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa, wanene kwa wembamba, walifuatiliwa mmoja mmoja. Wagonjwa 239 walifariki. Kati ya hao, 225 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Maana yake ni kwamba walivuka meza ya daktari, wakaja kushindwa kitandani. Tunaomba msomaji aishike hesabu hiyo, kwa sababu tutakayoyaeleza huko mbele yanaihusu.

MNENE NI NANI?

Hapa hatuzungumzii mtu aliyenawiri tu. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu uligawanye tena kwa urefu ule ule. Ukipata kati ya 25 na 30, uzito umezidi. Ukipata 30 au zaidi, huo ni unene uliokithiri. Kwa mfano, mama mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 77 amekwisha kufika 30. Akiwa na kilo 110 amefika 43.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya watu wa Dar es Salaam na Arusha peke yao. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2010 ulikuta kwamba wanawake 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Uchunguzi wa 2015–16 ulikuta wamekuwa 28. Mijini ni wengi kuliko vijijini, ni kweli, lakini bodaboda zimefika hata kwetu, na safari ya kwenda sokoni iliyokuwa ya miguu sasa ni ya kupakiwa. Tena kwetu kunenepa bado ni sifa. Mtu akirudi kutoka mjini amejaa mashavu, huambiwa amependeza. Hatusemi asiambiwe. Tunasema tu kwamba mapafu hayasikii sifa hiyo.

MTU AKILALA CHALI

Mapafu ni kama sponji lenye vifuko vya hewa vidogo sana, mamia ya milioni. Chini yake kuna msuli mpana uitwao kiwambo, unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, hewa huingia. Kikipanda, hewa hutoka. Lakini hata mtu akishusha pumzi yote kwa kawaida, hewa fulani hubaki ndani. Hiyo hewa ya akiba ndiyo inayozuia vifuko visifungane kabisa.

Sasa mlaze chali mtu mwenye tumbo kubwa. Uzito wote wa tumbo husukuma kiwambo kwenda juu, kifuani. Ni kama kumwekea mtu debe la maji juu ya tumbo na kumwambia apumue. Akiwa macho, misuli yake hupambana. Ndiyo maana wanene wengi hupenda kulalia mito miwili au mitatu, au kulala ubavu. Akipewa nusu kaputi misuli hulegea, mapambano huisha, na kiwambo hupanda zaidi. Hewa ya akiba hupungua, na vifuko vya sehemu ya chini, upande wa mgongoni, huanza kufungana kimoja baada ya kingine.

Jambo hili hutokea hata kwa mtu mwembamba. Madaktari wa Sweden walionyesha katika miaka ya 1980, kwa picha za mashine maalumu, kwamba karibu kila mtu anayelazwa usingizi wa upasuaji hupata sehemu ya mapafu iliyosinyaa dakika chache tu baada ya kulala. Tofauti ni hii: kwa mwembamba sehemu hiyo ni ndogo na hufunguka mapema baada ya kuamka. Kwa mnene ni kubwa zaidi, na kesho yake inaweza kuwa bado imefungana.

Sehemu iliyofungana ina madhara mawili. Kwanza, damu hupita hapo bila kuchukua oksijeni. Pili, makohozi hukwama humo, na vijidudu vikipata makohozi yaliyotulia vimepata makazi. Hapo ndipo nimonia inapoanzia.

Ipo hatari nyingine ya haraka zaidi. Kabla ya kuingiza bomba la kupumulia kooni, mtaalamu wa usingizi humpa mgonjwa oksijeni kwa kinyago ili aweke akiba ya dakika chache. Mtu mzima mwembamba mwenye afya akijazwa vizuri anaweza kukaa dakika kama 8 bila kupumua kabla oksijeni ya damu haijashuka vibaya. Mtu mnene sana anaweza kuishiwa katika dakika kama 3. Kwa sababu hiyo utamwona mtaalamu akimwinua mgonjwa mnene kichwa na mabega kwa mashuka yaliyokunjwa au mito, hata sikio liwe sawa na kifua, kabla ya kumlaza usingizi. Hambembelezi mgonjwa. Anampunguzia lile debe juu ya tumbo na kuiweka njia ya hewa mahali inapoonekana vizuri.

CHUPA NGAPI ZA SODA?

Misuli ikiwa imelegezwa, mgonjwa hapumui mwenyewe. Mashine, au mkono wa mtaalamu anayekamua mfuko wa hewa, ndio unaopumua kwa niaba yake. Swali la kwanza ni hili: kila pumzi iwe kubwa kiasi gani?

Zamani jibu lilikuwa: iwe kubwa. Mwaka 1963 madaktari wa Boston, Marekani, waliandika kwamba pumzi ndogo ndogo za mashine huacha mapafu yakifungana, kwa hiyo wenzao wengi wakazoea kutoa pumzi kubwa, mililita 10 mpaka 15 kwa kila kilo ya mgonjwa. Walikuwa na sababu nzuri. Shida ilikuwa kwenye neno hilo "kila kilo". Kilo zipi?

Tumrudie yule mama wa mita 1.60 na kilo 110. Ukichukua mililita 10 kwa kila kilo aliyo nayo, kila pumzi inakuwa mililita 1,100. Chupa ya soda ya kawaida ni mililita 350. Basi unamsukumia chupa tatu za hewa kwa mkupuo mmoja. Lakini mtu anaponenepa, mapafu yake hayanenepi pamoja naye! Mafuta huongezeka tumboni, mapajani, shingoni. Kifua na mapafu hubaki vilevile alivyokuwa msichana wa miaka 20. Ukubwa wa mapafu hufuata urefu wa mtu, na kama ni mwanamume au mwanamke.

Kwa hiyo wataalamu wa siku hizi hawatumii kilo za kwenye mizani kupanga pumzi. Hutumia kilo zinazokadiriwa kutokana na urefu. Kwa mwanamke huanza na 45.5, kwa mwanamume huanza na 50, kisha huongeza 0.91 kwa kila sentimita inayozidi 152.4. Mama yetu ana sentimita 160, yaani amezidi kwa 7.6. Hesabu yake inatoa kilo 52 na ushei. Zidisha kwa mililita 7 kwa kilo, unapata kama mililita 367. Chupa moja ya soda na tone juu yake, badala ya tatu!

Mtu anaweza kuuliza kama tofauti hiyo ina uzito wowote. Katika upasuaji wa saa mbili mgonjwa hupewa pumzi zaidi ya 1,500. Kifuko cha hewa kilichovutwa kupita kiasi mara 1,500 huchubuka, huvimba na kuvuja maji. Mwaka 2000 utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 861 mahututi, ambao mapafu yao yalikuwa yameumia vibaya, ulionyesha kwamba waliopewa pumzi ndogo walifariki 31 katika 100, na waliopewa pumzi kubwa walifariki karibu 40 katika 100. Hao walikuwa wagonjwa mahututi. Mwaka 2013 Wafaransa wakaleta habari za watu 400 waliopasuliwa tumbo wakiwa na mapafu mazima. Waliopewa pumzi ndogo, pamoja na kubakiziwa hewa kidogo ndani na kufunguliwa mapafu mara kwa mara, walipata matatizo makubwa 10.5 katika 100. Waliopewa pumzi kubwa bila hayo walipata 27.5 katika 100.

Ndiyo maana mtu akipimwa urefu kabla ya upasuaji asione ni usumbufu. Akina mama waliopita kliniki ya wajawazito wamekwisha kuzoea kupimwa urefu. Aliye hoi asiyeweza kusimama hupimwa amelala, au hupimwa mikono ikiwa imenyooshwa pande mbili.

HEWA INAYOBAKIZWA

Tumetaja kubakiza hewa ndani. Hilo ni swali la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza.

Ukipuliza puto, pumzi ya kwanza ndiyo ngumu. Likishaanza kufunguka, zinazofuata ni rahisi. Ukiliacha litoe hewa yote, unaanza tena na taabu ile ile. Mashine za kisasa zinaweza kuzuia hewa isitoke yote mwishoni mwa pumzi, ili vifuko visifungane. Msukumo huo unaobakizwa hupimwa kwa sentimita za maji. Jambo hili mtu anaweza kulijaribu nyumbani: chovya mrija wa soda ndani ya maji kwa kina cha sentimita 12, kisha upulize mpaka mapovu yatoke. Nguvu uliyotumia ndiyo sentimita 12 za maji. Jaribu pia kwa sentimita 4, utaona tofauti.

Kwa kuwa mapafu ya mnene hufungana zaidi, wengi waliona ni wazi kwamba anahitaji msukumo mkubwa. Jambo hilo likapimwa. Kuanzia mwaka 2014 hadi 2018, hospitali 77 za nchi 23 ziliandikisha wagonjwa wanene karibu 2,000, wote wakiwa na kipimo cha 35 au zaidi kwa ile hesabu yetu ya hapo juu. Wote walipewa pumzi ndogo, mililita 7 kwa kilo ya urefu. Nusu yao walibakiziwa sentimita 12 za maji, na mara kwa mara mapafu yao yakafunguliwa kwa pumzi kubwa za makusudi. Nusu nyingine walibakiziwa 4 tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019.

Waliopata matatizo ya mapafu katika siku tano za kwanza walikuwa 21 katika 100 kwa kundi la msukumo mkubwa, na karibu 24 katika 100 kwa kundi la msukumo mdogo. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Kwa kipimo cha kitaalamu haihesabiki kuwa tofauti.

Je, hakuna kilichobadilika? Kilibadilika, lakini mezani tu. Wakati wa upasuaji wenyewe, oksijeni ilishuka kwa wagonjwa 5 katika 100 wa msukumo mkubwa, wakati kwa wenzao ilishuka kwa karibu 14 katika 100. Hilo ni jema. Lakini shinikizo la damu lilishuka kwa karibu 32 katika 100 wa msukumo mkubwa, dhidi ya 17 wa msukumo mdogo. Hewa iliyojaa kifuani hubana mishipa inayorudisha damu moyoni. Kwa hiyo unapata hapa, unapoteza pale, na mgonjwa akifika wodini hali ni karibu ile ile.

Sisi tunaona utafiti huu ni wa faraja kwa hospitali zetu za wilaya, ingawa haukufanywa kwa ajili yao. Katika hospitali nyingi za vijijini mashine zenye vipimo vyote hivyo ni chache. Mara nyingi mtaalamu wa usingizi hukamua mfuko kwa mkono. Mfuko wa mtu mzima huchukua kama lita moja na nusu ya hewa, na anayeukamua kwa mikono miwili mpaka mwisho anaweza kupita kiasi kwa urahisi. Lakini mkono mpole uliofundishwa, unaotazama kifua kikiinuka kidogo tu na kushuka, unaweza kutoa pumzi ndogo ile ile iliyopendekezwa na watafiti.

Tena si kila upasuaji unahitaji bomba kooni. Katika ule utafiti wa Afrika, theluthi moja ya upasuaji wote ulikuwa wa akina mama kujifungua. Upasuaji huo kwa kawaida hufanywa kwa sindano ya mgongoni: mama yu macho, miguu imekufa ganzi, anapumua mwenyewe. Kwa mama mnene hiyo ni nafuu kubwa. Wapo akina mama wanaoikataa sindano hiyo kwa kusikia kwamba italeta maumivu ya mgongo ya maisha. Tunawasihi wazungumze na mtaalamu kabla ya kukataa, hasa kama miili yao ni mikubwa.

NUSU SAA YA MAFUNDISHO

Sasa tunafika mahali ambapo familia ina kazi. Madaktari na wataalamu wa mazoezi ya viungo wa Australia na New Zealand waligawa watu 441 waliokuwa wanangoja upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo. Wote walipewa kijitabu. Nusu yao walikaa pia na mtaalamu kwa nusu saa, siku kadhaa kabla ya upasuaji. Akawaeleza mapafu hufanya nini baada ya nusu kaputi na kwa nini nimonia hutokea, akawafundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, na kuwataka waanze mara tu watakapozinduka. Hakuna dawa waliyopewa, wala kifaa chochote.

Mwaka 2018 matokeo yalitangazwa. Waliopata kijitabu peke yake walipata matatizo ya mapafu 27 katika 100. Waliofundishwa kwa nusu saa walipata 12 katika 100. Hawakuwa wanene peke yao, wala haikuwa Afrika, na hatuwezi kuahidi kwamba hesabu itakuwa hiyo hiyo Mugumu. Lakini weka matokeo haya karibu na yale ya mashine. Kubadilisha msukumo kutoka 4 hadi 12 hakukuleta tofauti ya kuhesabika. Kumfundisha mgonjwa kupumua kulipunguza matatizo zaidi ya nusu.

Basi mafundisho yenyewe ni haya. Mgonjwa akae, au ainuliwe mgongo kwa mito. Avute pumzi polepole kwa pua mpaka kifua kijae, aishike kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, kisha aitoe taratibu. Afanye hivyo mara 10, halafu akohoe kwa nguvu mara mbili au tatu. Kama amepasuliwa tumbo, akumbatie mto au kitenge kilichokunjwa na kukibana juu ya kidonda wakati wa kukohoa. Mshono hautafumuka, na maumivu hupungua. Arudie kila saa akiwa macho. Ajifunze nyumbani, wiki moja au mbili kabla, wakati hana maumivu. Kumfundisha mtu kukohoa siku ambayo tumbo linamuuma ni kuchelewa.

Mengine ya kabla ya upasuaji tuyataje upesi. Mvutaji aache sigara au kiko angalau wiki nne kabla. Mwenye kikohozi au mafua asiyafiche kwa kuogopa kuahirishwa. Upasuaji usio wa dharura unaweza kungoja, mapafu yenye kikohozi yasiingizwe mezani. Amri ya kutokula ifuatwe kama ilivyotolewa. Kama upasuaji umepangwa miezi kadhaa mbele, kupunguza kilo hata chache na kutembea kila siku kunasaidia. Lakini asije mtu akaahirisha upasuaji wa dharura ati kwanza apungue.

Na jambo moja ambalo mgonjwa mwenyewe hawezi kulisema, kwa kuwa hulifanya akiwa amelala: kukoroma. Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Ila yuko mtu anayekoroma kwa nguvu, kisha ananyamaza kabisa kwa muda, halafu anashtuka na kuvuta hewa kama aliyeibuka kutoka majini. Mchana anasinzia hata kanisani. Huyo koo lake hujifunga usingizini, na dawa za usingizi na za maumivu huzidisha hali hiyo. Mke au mume ndiye shahidi. Aseme bila haya: "Daktari, mzee wangu huyu usiku anakoroma sana, na mara nyingine pumzi inakatika mpaka namwamsha." Maneno hayo machache yanaweza kubadilisha aina ya dawa, na hata kuamua usiku wa kwanza mgonjwa alazwe wapi na nani amwangalie.

WODINI

Tunaijua desturi yetu. Mgonjwa akitoka kupasuliwa, mwangalizi humlaza chali, humfunika blanketi mpaka kidevuni, na kila anayekuja kumwona huambiwa: "Mwache apumzike, asiguswe." Ni upendo, lakini kwa mtu mnene ni upendo unaomrudishia lile debe tumboni. Alazwe mgongo ukiwa umeinuliwa, si bapa, isipokuwa muuguzi akiwa na sababu ya kuagiza vingine. Akisinzia na kuteleza kitandani, avutwe juu tena. Jioni ile ile au kesho yake asubuhi, muuguzi akiruhusu, aketi ukingoni mwa kitanda, kisha kitini, kisha atembee hatua chache akishikwa mkono. Kutembea huko pia hulinda miguu dhidi ya damu kuganda, balaa jingine ambalo huwaandama wanene zaidi.

Dawa ya maumivu isikataliwe. Wapo wazee wanaoona ni ushujaa kuvumilia. Mtu anayeumwa hapumui kwa kina na hakohoi, anaibia ibia pumzi za juu juu, na sehemu ya chini ya mapafu hubaki imefungana. Aombe dawa ili aweze kukohoa. Lakini mgonjwa aliyepewa dawa kali akalala fofofo, akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida na haamki akiitwa, muuguzi aitwe mara moja.

Mwangalizi asiogope kumwita muuguzi pia mgonjwa anapopumua harakaharaka, pumzi 25 au zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia. Kuhesabu pumzi hakuhitaji elimu kubwa. Saa ya simu inatosha. Aitwe vilevile mgonjwa akipata homa, akitoa makohozi mazito ya njano au ya kijani, akibanwa kifua au kuchomwa ubavuni anapovuta hewa, midomo ikibadilika rangi, au akianza kuweweseka na kusema yasiyoeleweka. Kuchanganyikiwa kwa mgonjwa aliyepasuliwa mara nyingi watu hukudhani ni nusu kaputi haijaisha, kumbe ubongo unakosa oksijeni. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni huonyesha jambo hilo katika sekunde chache. Namba ikiwa 95 au zaidi kwa kawaida ni salama. Ikishuka chini ya 90 ni dharura.

Akirudi nyumbani Natta kabla ya wiki mbili kwisha, mazoezi ya pumzi yaendelee asubuhi, mchana na jioni, na asishinde kitandani kungoja wageni wa kumpa pole. Awapokee ameketi kitini. Dalili tulizozitaja zikitokea nyumbani, asingoje siku aliyopangiwa kurudi kutoa nyuzi. Aende zahanati siku hiyo hiyo akiwa na karatasi yake ya kuruhusiwa kutoka hospitali, ili mganga aone alipasuliwa nini na alipewa usingizi wa aina gani.